Kabla hujalipa lori la mtumba

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, mamako na nduguzo wakusalimu sana. Ujumbe wako kuhusu lile Canter la yadi ya Mombasa nimeusoma. Umesifu rangi, viti na tairi. Hayo muuzaji huyatengeneza kwa siku mbili. Linalokuhusu wewe liko chini, basi uvae nguo za kuchafuka na ulale chini ya lori kabla hujataja bei.

Uliza kwanza lilikuwa likibeba nini, na wapi. Lililobeba chumvi Gongoni au Marereni huliwa na kutu tokea ndani ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba, hata bodi ikionekana nzima. Lililotoka bara huwa na chesisi kavu, ila klachi, breki na giaboksi zimechoshwa na milima. Mimi ningechukua hilo la bara. Klachi mpya inapatikana duka lolote la spea. Chesisi iliyooza huna pa kuipeleka.

Nenda na tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho, na ukawie pale springi zinaposhikwa na pale vyuma viwili vimelaliana, kwa kuwa maji ya chumvi hunasa katikati yake. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Ukikuta rangi nyeusi nzito imepakwa juzijuzi upande wa chini, ikwangue kwa bisibisi uone inaficha nini. Tafuta na alama za kuchomelea. Kiraka kilichokatiza ukingo wa juu au wa chini wa chesisi kinakwambia kwamba ilishapasuka kwa kuzidishiwa mzigo, na kwa kawaida hupasuka tena kandokando ya kiraka hichohicho, maana moto wa kuchomelea umedhoofisha chuma cha jirani. Hapo ondoka, mwanangu. Hata akishusha bei, ondoka.

Injini uikute baridi. Ukifika asubuhi uiguse kwanza. Kama ina moto, rudi siku nyingine bila kumpa habari. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili. Mvuke kidogo si neno, lakini moshi unaosukuma kwa mapigo ni dalili ya ringi za pistoni zilizokwisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi aghalabu ni filta ya hewa au nozeli za kupulizia dizeli, na hiyo si kazi ya kukutisha. Mweupe wenye harufu ya dizeli, usiokatika hata injini ikipata moto, ni nozeli au kompresheni. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki nawe utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia, nayo gharama yake ni kubwa zaidi. Kwenye mteremko achia mafuta: gia ikichomoka, giaboksi imelika. Tairi zisikudanganye kwa kung'aa. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Umeme wake ni wa volti 24, yaani betri mbili zimeungwa mfululizo. Injini ikinguruma, mita isome kati ya 27 na 29. Angalia kama kuna redio au taa iliyoungwa kwenye betri moja. Watu wengi hufanya hivyo, na betri hiyo hubaki na chaji pungufu huku mwenzake ikizidishiwa, mwisho zinakufa zote mbili. Dawa yake ni konvata ya kushusha 24 hadi 12.

Karatasi ni jambo fupi, ila usiliruke. Omba rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone jina la mwenyewe na kama benki ina madai. Namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe. Pesa ya mwisho usiitoe mpaka muuzaji ameanzisha uhamisho kwenye akaunti yake nawe umeuona kwenye yako.

Ukiwa na shilingi milioni moja na nusu, usitafute lori la milioni moja na nusu. Weka kando angalau moja ya tano ya matengenezo, na usiiguse kwa bima wala kwa bodi. Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ya ekseli ya nyuma, filta zote, mafuta ya breki, mkanda wa feni na mipira ya maji. Yubolti, vile vyuma vya umbo la U vinavyobana springi kwenye ekseli, zikazwe upya baada ya kilomita 500 za mzigo. Silinda za breki za nyuma zifunguliwe hata kama breki zashika, kwa sababu huku kwetu huganda kwa kutu upande mmoja, na lori huanza kuvuta ukifunga breki.

Likichemka, usikubali fundi akimbilie gasketi ya silinda hedi. Aanze na mkanda, mipira, feni, themostati, na rejeta kama imeziba. Halafu injini ikiwa baridi kabisa afungue kifuniko cha rejeta na kuwasha: mapovu yakitoka mfululizo, hapo ndipo gasketi. Na ikifunguliwa, silinda hedi ipimwe kama imepinda au ina ufa kabla ya kurudishwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai. Ile ya zamani nenda nayo dukani ufananishe alama za ukingoni, kwani unene hutofautiana. Kila spea iliyotolewa irudi mkononi mwako.

Maji ya kisima usiyatie kwenye rejeta kamwe. Visima vyetu vina chumvi, nayo hujenga ukoko na kula rejeta. Tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ukikosa, maji ya mvua. Hata kuosha chini ya lori, tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, kila Ijumaa kabla ya kulipumzisha.

Nitumie picha ya namba ya chesisi na ya pale springi za nyuma zinaposhikwa, pande zote mbili. Usilipe hata arubuni kabla sijaziona.

Babako