Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Boti za Burudani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: SIMULETA ZA UHALISIA PEPE NA MAJALADA YA AJALI ULIYOTUAHIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na kwa sababu juzi boti mbili zimegongana tena, mchana kweupe, maji yakiwa shwari. Taarifa ya ofisi yako imerudia maneno yale yale: mwendeshaji hakuwa makini. Mheshimiwa, hilo si jibu. Alikuwa anatazama wapi, na kwa nini hakuona?

Boti mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda noti 20 (kilomita 37 hivi kwa saa), hukaribiana zaidi ya mita 20 kila sekunde. Mita 500 zinaisha kwa sekunde 24 hivi. Na chombo kitakachokugonga ndicho kigumu kukiona. Nyote mkishika mwelekeo na kasi ile ile, chenyewe hakihami machoni pako. Kinakaa pembe ile ile, kinakua taratibu, halafu ghafla kimejaa mbele yako. Jicho hushtuliwa na kitu kinachosogea, na hiki hakisogei. Kikiangukia nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele, kinaweza kubaki kimefichwa hapo hadi sekunde za mwisho. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinalijua hilo: kanuni ya 5 inadai uangalizi wa macho na masikio wakati wote, na ya 7 inaonya kuhusu chombo kinachokaribia huku pembe yake ya dira haibadiliki. Kipeperushi hakiwezi kumpima mtu kwa jambo hili, na kumpima majini ni kumhatarisha.

Kwenye simuleta, yaani miwani ya uhalisia pepe inayomwonyesha mwendeshaji bahari ya kuigiza, anapimika. Unaleta boti ya pili kwa nyuzi 40 upande wa kulia, unashusha jua limpige usoni, na kamera ndogo ndani ya miwani zinafuata mboni zake. Unapata sekunde zilizopita kabla hajatazama upande ule. Unajua kama aligeuza kichwa au macho tu, kama aliinama kuchungulia nyuma ya nguzo au alikaa vile vile. Mwingine anapewa jua lile lile na wimbi lile lile. Kisha unaongeza simu inayoita, au abiria anayemsemesha, unapima tena.

Vifaa hivyo ofisi yako inavyo. Tumeviona kwenye maonyesho, watu wakipokezana kukimbiza boti na kushangilia. Uliahidi mbele ya wakufunzi kwamba maonyesho yakiisha vitaletwa kwenye utafiti, pamoja na majalada ya ajali yaliyoondolewa majina. Maonyesho yaliisha. Hatujapokea jalada hata moja.

Wasaidizi wako wanasema teknolojia haijakomaa. Upungufu wake tunaujua. Miwani yenye pikseli (nukta za picha) 20 kwa kila nyuzi moja huligeuza boya la upana wa mita 1, lililo umbali wa kilomita 1, kuwa kitone cha pikseli moja. Kwa hiyo utambuzi wa maboya ya mbali usipimwe humo, maana utakuwa unapima miwani badala ya mtu. Uwanja wa kuona ni nyuzi 100 hivi, ilhali macho mawili ya binadamu hufikia karibu 200. Ndani ya miwani watu pia hudhani vitu viko karibu kuliko vilivyo. Halafu kuna kichefuchefu: macho yanaona boti ikiyumba, sikio la ndani halihisi kitu, na picha ikichelewa zaidi ya milisekunde 20 nyuma ya mwendo wa kichwa, hali inazidi. Hilo linapunguzwa kwa picha 90 kwa sekunde, vipindi vya dakika 10, na dodoso la dalili kabla na baada. Kiti cha kuyumba kinasaidia kikienda sawa na picha. Kisipoenda sawa, afadhali kizimwe.

Yote hayo yana namna ya kurekebishwa. Tusichoweza kurekebisha ni kubuni ajali kichwani. Tunashuku nguzo za vioo. Tunashuku pia ule muda boti inapoongeza kasi, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, linainuka na kufunika maji ya mbele. Lakini bila majalada tunatengeneza mazingira ya kukisia, na majibu yake yatakuwa ya kukisia. Maofisa wa meli kubwa hufunzwa rada kwa simuleta kwa matakwa ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia. Mwenye boti ya mita 6 anabebeshwa lawama tu baada ya watu kufa.

Tuliomba chumba, fundi na vifaa. Tunaviacha vyote. Tupe majalada: njia ya GPS, kasi, saa, jua lilikuwa wapi, aina ya boti, upana wa nguzo za kioo, mwendeshaji alikaa au alisimama. Majina hatuyataki.

Na anza na ajali ya juzi. Kifaa cha ramani cha boti kina nafasi ndogo ya kumbukumbu. Kikiwashwa na kutumiwa tena, alama mpya zinaweza kufuta za zamani. Tafadhali toa amri leo kisiguswe mpaka nakala ichukuliwe, na nakala hiyo tupewe.

Wako,
Watafiti na wakufunzi wa uendeshaji boti