Msiwalaumu Actors' Equity, waulizeni watayarishaji

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu tamthilia za muziki zinazofufuliwa London kisha kupelekwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, imeandikwa kwa uchungu, na uchungu huo naufahamu. Mtu amejitoa mwili na roho kwenye jukwaa la West End, mtaa wa kumbi kubwa za London, magazeti yamemsifu, halafu mchezo unavuka Atlantiki na yeye anaachwa gatini. Lakini mwandishi wenu amempata mchawi asiye mchawi. Anadai kwamba chama cha waigizaji wa Marekani, Actors' Equity, kinawabagua Waingereza, na kwamba kikosi kilichoanza London ndicho kiende New York, kizima kama kilivyo. Napinga yote mawili.

Tuanze na kanuni za chama hicho kwa waigizaji wa nje wanaotaka kucheza Broadway. Mwigizaji wa Uingereza akiwa nyota anayejulikana kimataifa, anapita. Akiwa na kitu ambacho mwingine hana, mtayarishaji anayo nafasi ya kujenga hoja. Upo pia utaratibu wa kubadilishana, mmoja aende na mmoja aje. Na wenzao wa London, chama cha Equity cha Uingereza, wamewawekea Wamarekani vizuizi vya aina hiyohiyo, jambo ambalo makala haikuligusa kabisa. Waigizaji wengi wa New York wanahudumia meza mikahawani huku wakisubiri usaili mwingine. Chama chao kikifungua mlango wote, kitawatoza ada ya uanachama kwa kazi gani?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Carousel. Ni kazi ya Rodgers na Hammerstein ya mwaka 1945, kisa cha watu wa pwani ya Maine katika karne ya 19, na kwa miongo mingi ilichezwa na weupe watupu. Desemba 1992 Nicholas Hytner aliiongoza upya katika National Theatre, London. Nafasi ya Enoch Snow, yule mvuvi mwenye mipango mikubwa ya mashua na watoto, akampa Clive Rowe, mwigizaji Mweusi. Mchumba wake, Carrie, akawa Janie Dee, mweupe. Mapenzi yao yakachezwa kama mapenzi ya watu wengine wowote, bila kuombewa radhi.

Machi 1994 mchezo ukafunguliwa Lincoln Center, New York. Rowe hakuwamo, Dee hakuwamo. Kwa hesabu ya mwandishi wenu, hapo ndipo ulipopaswa kuharibika. Kilichotokea ni kwamba Carrie akawa Audra McDonald, binti Mweusi wa miaka 23 aliyekuwa ametoka chuo cha sanaa cha Juilliard mwaka uliotangulia, na Enoch akawa Eddie Korbich, mweupe. Nettie, anayeuimba ule wimbo wa kufariji ambao hata mashabiki wa Liverpool wameufanya wao, akawa Shirley Verrett, mwimbaji Mweusi wa opera. Wazo la Hytner halikupotea baharini. Lilihama tu kutoka kwa mume kwenda kwa mke, likaongeza na Nettie. McDonald alichukua Tony, tuzo kuu ya Broadway, mwaka huohuo, na leo anazo sita za uigizaji, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia. Kikosi cha London kingevuka kizima, nafasi ile isingekuwapo. Na Michael Hayden aliyecheza Billy, mhusika mkuu, pande zote mbili? Ni Mmarekani aliyekwenda London kwanza.

Simaanishi kwamba Rowe na Dee hawakuwa hodari. Walikuwa hodari. Ni kama wimbo wa taarabu: beti zikiwa zilezile, mwimbaji mpya akishika kipaza sauti ukumbi hutunza kwa namna nyingine, na mwimbaji wa kwanza hapungukiwi kitu.

Anayetaka kuujua mchezo huu wa kupewa na kunyang'anywa amtazame Patti LuPone. Evita ilipofunguliwa London mwaka 1978 nyota wake alikuwa Elaine Paige. Ilipofika Broadway mwaka 1979, Eva, mhusika mkuu, akawa LuPone, na mwaka uliofuata akapata Tony. Mlango uliofungwa kwa Paige ulifunguka kwake. Mwaka 1993 mambo yakageuka: LuPone ndiye aliyefungua Sunset Boulevard London, huku akiwa ameahidiwa Broadway. Andrew Lloyd Webber, mtunzi wake, akaamua kumpeleka Glenn Close. Sasa nauliza: chama cha waigizaji kilihusika vipi hapo? LuPone ni Mmarekani, mwanachama, hana haja ya kibali cha mtu. Aliondolewa na wenye mchezo, kwa hesabu zao wenyewe, wakaishia kumlipa fidia. (Inasemekana sehemu ya fedha hizo alijengea bwawa la kuogelea na kulipa jina la Lloyd Webber. Hasira yenye maji safi.)

Michezo hiyo miwili ilikuwa mipya, sikatai. Lakini chukueni Company, ambayo ilifufuliwa kweli. Marianne Elliott aliiongoza katika ukumbi wa Gielgud mwaka 2018, akamgeuza mhusika mkuu, Bobby, kuwa mwanamke, Bobbie, akamkabidhi Rosalie Craig. LuPone alikuwa Joanne. Ilipofunguliwa Broadway Desemba 2021, baada ya janga la korona kuikatisha ikiwa bado kwenye maonyesho ya awali, LuPone alivuka nayo na Craig akabaki. Bobbie akawa Katrina Lenk. Jonathan Bailey, aliyepata tuzo ya Olivier kwa kumcheza Jamie, naye hakuvuka. Matt Doyle akaishika nafasi hiyo na kupata Tony. Nafasi moja, watu wawili, kila mmoja na tuzo ya upande wake. Kwa Jamie sioni hasara. Kwa Bobbie naiona, kwa sababu Elliott aliujenga upya mchezo mzima kumzunguka mhusika yule, na Craig ndiye aliyekuwa chumbani wakati unajengwa.

Hiki ndicho kipimo changu: mchezo ungebaki uleule bila mtu huyu? Mwaka 2013 John Doyle aliifufua The Color Purple katika Menier Chocolate Factory, ukumbi wa London wenye viti visivyofika 200. Jukwaa alilivua kila kitu, yakabaki mbao, viti na sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya Cynthia Erivo, mtoto wa wazazi wa Kinaijeria aliyezaliwa London, ambaye New York hawakuwa wakimjua. Watayarishaji walitaka jina kubwa la kuuza tiketi, wakamchukua Jennifer Hudson. Lakini walimweka kwenye nafasi ya Shug Avery, wakamwacha Celie, mhusika mkuu, kwa Erivo. Desemba 2015 walifungua Broadway, na Juni 2016 Erivo akapokea Tony. Chama kilekile kinachoshutumiwa kuwafungia Waingereza mlango hakikumzuia msichana asiye na jina, mwenye kuigiza Mmarekani Mweusi wa Georgia, nafasi ambayo Wamarekani wangapi wangeililia! Mtayarishaji akitaka, njia hupatikana.

Na mara nyingine chama kimeona mbali kuliko wenye fedha. Mwaka 1990 kilimkataa Jonathan Pryce, mweupe, asicheze Engineer, mhusika mwenye damu ya Kivietinamu na ya Kifaransa katika Miss Saigon. Mtayarishaji wake, Cameron Mackintosh, akatangaza kufuta onyesho, na baada ya siku chache chama kikarudi nyuma. Pryce akavuka, akapata Tony, na wengi wakakicheka chama. Lakini tazameni mchezo huohuo ulipofufuliwa London mwaka 2014 na kufika Broadway mwaka 2017. Engineer alikuwa Jon Jon Briones, mzaliwa wa Ufilipino, ambaye mwaka 1989 alikuwa katika kundi la waimbaji wa nyuma wa kikosi cha kwanza kabisa cha London. Kim, mhusika mkuu wa kike, alikuwa Eva Noblezada, Mmarekani mwenye asili ya Kifilipino, aliyetolewa Marekani akiwa kijana kwenda kuanzia London, kisha akarudi kwao na nafasi yake mkononi. Mackintosh ndiye aliyekuwa mtayarishaji safari zote mbili. Alichokipigania chama mwaka 1990 kilitimia bila kura ya mtu.

Kinachonikera mimi ni kingine: nafasi kugeuzwa kibao cha matangazo. Cabaret ya Rebecca Frecknall ilifunguliwa London mwishoni mwa 2021 na Eddie Redmayne na Jessie Buckley. Broadway, mwaka 2024, Redmayne alivuka, na Sally Bowles, mhusika mkuu wa kike, akawa Gayle Rankin. Kisha wakaingia Adam Lambert na Auli'i Cravalho, kisha Orville Peck na Eva Noblezada, kisha Billy Porter na Marisha Wallace, hadi pazia likashuka Septemba 2025. Wote ni watu wenye vipaji. Lakini kila jozi ilikuja na mabango mapya na wito mpya wa kununua tiketi, na mwisho mtu anajiuliza kama anakwenda kumwona Sally au kumwona mgeni wa msimu. Hapo napo mwandishi wenu angelaumu chama?

Jambo moja zaidi, ambalo makala haikuligusa na mimi pia nimechelewa kulifikia. Tukizungumzia waigizaji walioachwa huwa tunawazungumzia wanne au watano ambao sura zao ziko kwenye bango. Sunset Boulevard ya Jamie Lloyd ilisifiwa kwa kuwavusha wahusika wote wanne wakuu kutoka ukumbi wa Savoy, London, hadi St. James, New York, mwaka 2024, Nicole Scherzinger akiwa mbele. Waimbaji na wachezaji dansi wa nyuma, waliokaa mazoezini wiki kwa wiki na mwongozaji akijaribu hatua juu ya miili yao, hawatajwi wanapoachwa, wala hakuna anayewaandikia barua. Mkirudi tena kwenye mada hii, tuchapishieni majina yao, na mwaulize watayarishaji, kwa kuwataja, kama kuna mgao wowote waliowatengea kutokana na mapato ya New York.

Msomaji wenu,
Croydon, London