Faili likichelewa, waya uangaliwe kabla ya bando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumze na wenye steshenari, studio za picha na ofisi ndogo hapa Mwanza. Malalamiko ninayoitiwa ni yaleyale: faili linatoka kompyuta hii kwenda ile kwa kasi nzuri, likirudishwa linajikongoja. Nikifika nakuta mwenye ofisi ameshaongeza bando la intaneti, tena kwa ushauri wa fundi. Linaniuma sana hilo. Faili linalotoka meza hii kwenda meza ya pili linapita kwenye waya na swichi, yaani visanduku vinavyounganisha nyaya za kompyuta, za humohumo ndani. Hata intaneti ikikatika, litafika.

Karibuni nimetoka studio ya video za harusi. Walishaambiwa wanunue kompyuta mpya. Nilipofungua mipangilio ya kadi ya mtandao, yaani sehemu ya kompyuta unapochomekwa waya, nikakuta imelazimishwa kwa mkono iende megabiti 100 kwa sekunde, itume na kupokea kwa pamoja, wakati swichi imeachwa ijipangie. Kadi ya namna hiyo haijibu swichi inapotaka kupatana nayo, basi swichi inachukulia kwamba ni kazi ya kupokezana. Upande mmoja unasubiri zamu, mwingine hausubiri. Data zinagongana, zinatumwa upya, na kasi ya upande mmoja inakufa.

Nilirudisha kadi ijipangie yenyewe. Kasi ikalingana kwenda na kurudi, ila ikagota kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango cha megabiti 100, maana baiti moja ni biti nane. Kadi na swichi zote ni za gigabiti moja, yaani megabiti 1,000! Nikakata kichwa cha waya: uzi wa kahawia ulikuwa haujafika mwisho, meno hayajaushika. Megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu. Gigabiti inataka zote nane. Naamini fundi aliyetangulia aliona mtandao unayumba, akalazimisha kasi ndogo badala ya kutafuta ubovu. Nilipobana kichwa kipya, video ikapita megabaiti 100 kwa sekunde, kwenda na kurudi.

Na hao wanaotuuzia waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, kwa bei ya shaba tupu, wanatuumiza. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha boksi dukani.

Si kila uzito ni wa waya, nakubali. Diski ikichoka inavuta kasi chini, na folda yenye maelfu ya picha ndogo huchelewa kuliko video moja yenye ukubwa uleule. Kwa hiyo pimeni kwa faili moja kubwa.

Ombi langu kwa wenye ofisi: kabla hamjamlipa aliyetandaza waya, mwambieni anakili faili hilo mbele yenu kwenda na kurudi, kwenye kila kompyuta, na kasi za pande zote mbili aziandike kwenye risiti.

Fundi kompyuta,
Nyamagana, Mwanza.