Fundi kucha, muulize mteja anarudi lini

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa akina mama na biashara mliwashauri mabinti wanaofungua saluni za kucha waweke kila huduma inayojulikana mjini, ili mteja akiingia asipate sababu ya kutoka. Binti yangu ndiye aliyenisomea, mimi nikiwa nimeinamia mguu wa mtu na jiwe mkononi. Kabla hajafika mwisho, mwenye mguu akasema, "Anti, hao wajibu." Basi nawajibu.

Mimi ni fundi kucha wa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Nilianzia kwenye kibaraza cha shangazi yangu na meza moja, taa moja ya kukaushia jeli, na bango. Lile bango nusura linifilisi. Nilitoa picha ya saluni ya Dar es Salaam kwenye simu, nikampelekea kijana wa kuchapa, nikamwambia aandike yote yaliyomo. Zikatoka huduma 17. Nyingine sikujua hata zinafanywaje, lakini bango likishaandika huwezi kumwambia mteja hujui, basi nikawa najifunzia kwenye vidole vya watu. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na chupa 60 za rangi ya jeli. Wateja wakachagua nyekundu, nyeusi, nyeupe ya maziwa na ile ya waridi inayofanana na ngozi. Zilizobaki ziligandia kabatini, na hela yangu ikagandia humo humo.

Mwaka wa pili nikaanza kuandika kwenye daftari kila anayekaa kitini: kafanyiwa nini, kalipa ngapi, karudi baada ya siku ngapi. Hiyo safu ya tatu niliiweka kwa bahati tu, na ndiyo iliyonifundisha kazi. Niliowabandika kucha za poda, zile za bandia za unga unaokandwa kwa maji yake ya dawa, walilipa vizuri mara moja. Wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi na kilio.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Anayewekewa poda leo, baada ya wiki mbili tatu uwazi unaonekana nyuma, pale kucha mpya inapochipukia, na hapo lazima arudi kujazwa au kubanduliwa. Asiporudi, uzito wote unahamia mbele, ile ya bandia inanyanyuka, maji yanajificha chini yake. Kuna mama wa Pangani niliyembandika kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alirudi baada ya miezi miwili, kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi, ngumi yenyewe ndani ya kanga. Nilipokikunjua, kucha ilikuwa kijani, kijani cha ganda la embe bichi. Alikuwa keshaamini amerogwa. Ni bakteria wanaopenda unyevu uliofungiwa, na nilimwambia hivyo, nikambandua, nikampeleka zahanati. Lakini kosa lilikuwa langu. Nilijua anatoka Pangani, nilijua harusi ikiisha hana safari ya mjini, nikambandika kwa sababu bango lilisema nabandika.

Tangu siku hiyo siulizi kwanza anataka rangi gani. Nauliza anarudi lini, na jibu lake ndilo linalochagua huduma. Watanga tumezoea kusema waja leo waondoka leo. Kucha ya poda si mgeni wa namna hiyo.

Aliye hapa hapa mjini, ambaye najua nitamwona baada ya wiki tatu, poda atapata kwa 30,000. Anayerudi Handeni au Pangani namwekea rangi ya kawaida, ataifuta mwenyewe kwa pamba. Nesi simbandiki kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unasema anayehudumia wagonjwa asivae kucha za bandia, na manesi wenyewe wanalijua, ila Jumamosi kuna harusi na Jumatatu kuna zamu. Nesi namsugua kucha zake mwenyewe kwa msasa laini mpaka zing'ae, namalizia na tone la mafuta ya nazi, analipa 8,000. Kwenye daftari langu hakuna anayerudi mara nyingi kama huyo. Mjamzito aliyekaribia kujifungua namfanyia hivyo hivyo, maana akiingia chumba cha upasuaji watataka kumbana kile kipimo cha hewa kidoleni, na daktari wa usingizi hapendi kukutana na rangi nyeusi yenye mawe, vile vijiwe vya kumeta.

Nikitaja mawe namkumbuka jirani yangu wa chapati. Aling'ang'ania yamemete vidole vyote kumi, nami nikampa. Siku ya tatu mteja wake akauma chapati, akatema kitu kigumu, akadhani jino lake limeng'oka. Tulicheka sana, lakini yeye alimrudishia yule mtu hela ya chai na mimi nikamrudishia yeye yake. Sasa kucha zake za mikono ni fupi na tupu, mapambo yote yako miguuni, na kila anayempa chapati namwona anavyokunja kidole gumba cha mguu kwenye ndala ili kionekane.

Kilichoniudhi zaidi katika orodha yenu ni kwamba hamna kubandua. Mmejaza namna zote za kuweka, kutoa hakuna. Kwangu kumeandikwa juu kabisa, na kuna bei yake, 5,000. Wapo mafundi wanaobandua bure, kwa kuchokonoa na ncha ya mkasi kisha kukwanyua, na inapotoka inatoka na tabaka la kucha ya mtu. Mimi nasaga juu kwanza, naloweka pamba kwa asetoni, naiweka kwenye kucha na kufunga kwa foili, kidole kimoja kimoja, dakika 15 mpaka 20. Mteja anakaa na vikofia kumi vya fedha, hawezi kushika simu, basi tunaongea. Nimesuluhisha ndoa mbili katika dakika hizo.

Siku za mwisho za Shaabani nafanya kubandua tu, kutwa nzima, kwa sababu rangi inazuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha na wateja wangu wengi wanaingia kwenye mfungo. Wasiotaka kukaa mikono mitupu nawapaka hina, ambayo inaingia rangi na haiweki utando. Usiku wa kuamkia Idd wanarudi wale wale, foleni mpaka nje. Mji kama huu, fundi asiyejua kubandua anaukosa mwezi mzima, na mimi nilikuwa naukosa.

Ila piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, nimeacha, na hapa maharusi wananikasirikia. Hina ya majani haitoi weusi. Inatoka rangi ya chungwa, kisha inakolea mpaka kahawia iliyoiva. Ule weusi wa papo hapo mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele, wenye kemikali inayoandikwa PPD kwenye pakiti. Nimemwona bibi harusi siku nne baada ya fungate kuanza, malengelenge yamemtoka kwa kufuata mchoro, ua kwa ua, jani kwa jani, mpaka kwenye kiwiko. Mchoro haukuwa wangu, lakini piko ile ile ilikuwa kabatini kwangu. Jioni hiyo niliimwaga.

Kuna la bibi mmoja nilitaka kuliruka, ila sitawatendea haki mabinti wanaofungua saluni nikilificha. Aliletwa na mjukuu wake asuguliwe magaga. Nikampa shikamoo, nikamwekea beseni, akatia miguu.

"Mwanangu, maji haya mbona baridi?"

Nikaongeza ya birika. Akasema ongeza tena, nikaongeza tena. Mimi mwenyewe nilipotia mkono nilishtuka, na bibi ametulia tu, anatabasamu. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, nyayo zake hazihisi. Unyayo mmoja ulitoka lengelenge, na kidonda cha mtu wa namna ile si cha kucheza nacho. Walimuuguza wiki nyingi. Hawakunidai kitu. Afadhali wangenidai.

Siku hizi kabla sijachota maji namuuliza kila mtu kuhusu sukari, kijana kwa mzee. Maji napima kwa kiwiko kama ya kuogeshea kichanga. Mwenye kisukari simloweshi, simkati ngozi ya kuzunguka kucha, simgusi na wembe. Kwa kweli wembe wa kukwangulia magaga nimeuondoa kwa kila mtu. Namkata kucha moja kwa moja, nampaka mafuta nje ya vidole, si katikati, na kama naona kidonda naishia hapo na kumwambia aende kliniki. Huduma hiyo haiko kwenye orodha yenu. Kwangu inaleta bibi watatu wanne kila mwezi, na wajukuu wanaowaleta ndio wanaobandika poda.

Kuna hesabu nyingine ya kuamua utoe nini, ni ya vyuma. Nina seti nne za mikasi na vikata kucha. Kila seti ikitumika naiosha kwa sabuni, naizamisha kwenye Jik, kipimo kimoja kwa maji sita kama wanavyofanya zahanati, dakika 10, nasuuza, nakausha. Ukizidisha inashika kutu, ukipunguza unacheza na homa ya ini, maana tone la damu usiloliona linatosha. Kwa seti nne siwezi kupokea miguu ya watu saba kwa mpigo, hata Idd ije mara mbili. Binti mwenye seti moja asiandike kusafisha miguu kwenye bango lake mpaka anunue ya pili.

Dawa zenyewe nazo zichaguliwe. Niliwahi kununua maji ya poda ya bei nafuu, chupa haina jina, harufu inapasua kichwa. Kucha ilikuwa ngumu kama kigae, asetoni haikuiyeyusha, na mteja alipojigonga mlangoni ilinyanyuka na kucha yake chini. Baadaye nilikuja kujua dalili hizo ni za MMA, kemikali ambayo Marekani waliichukulia hatua tangu miaka ya 1970 baada ya watu kuumia. Na Umoja wa Ulaya, tangu 1 Septemba 2025, wamekataza TPO, kemikali ya kusaidia jeli ikauke kwenye taa. Sasa nasoma chupa kabla ya kulipa. Kazi ya vipodozi nchini kwetu iko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Ningefurahi gazeti lenu liwaulize kuhusu hizi chupa zisizo na maandishi, maana mkiuliza ninyi mtajibiwa upesi kuliko mimi.

Nasema hivyo kwa sababu mwili wangu umeshalipa. Mwaka wa nne ncha za vidole zilianza kuwasha, ngozi ikapasuka. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa, ndiyo basi. Enzi zile umeme ukikatika mteja ana jeli mbichi mkononi, nilikuwa naifuta kwa vidole vyangu vitupu. Sasa navaa glavu, na nina taa ya kuchaji. Isipokuwa na chaji, siku hiyo jeli hakuna, hata aje nani.

Vijana wa vikapu siwapigi vita. Wanapita mtaani wakigonganisha chupa zao, rangi ya kawaida 2,000, mtu anapakwa kwenye mkeka wake bila kuvaa viatu. Siwawezi kwa hilo na nimeacha kujaribu. Kuna waume wasiotaka mwanamume ashike mguu wa mke wao. Hao ndio wanaonipigia niende nyumbani, nauli ya bajaji juu yao.

Bango la huduma 17 tumelifanya pazia la choo. Ukutani nina ubao mdogo wa chaki: kubandua, kucha zako mwenyewe, miguu, jeli, poda kwa mwenye tarehe ya kurudi, hina. Binti yangu, yule aliyenisomea ukurasa wenu, anataka tuongeze kope za kubandika. Nimemwambia anionyeshe kwanza zinatolewaje.

Fundi kucha,
Ngamiani, Tanga