Viongozi wa vijana nao wafundishwe mlima

Mhariri, habari za kazi. Mi naishi hapa Moshi, naomba niongelee hizi kambi za vijana wa kanisa mlimani, jambo zuri sana kwakweli, hata Musa na Eliya Mungu alikutana nao mlimani. Shida ni viongozi wetu. Mwaka jana tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kufika kambi ya Horombo, kama mita 3,700 hivi, binti mmoja kichwa kikaanza kumgonga, akatapika, anayumba kama mlevi, kiongozi wetu anasema tumwombee tu kesho atakuwa poa tuendelee. Mwongozaji akagoma, akamshusha usiku uleule mpaka kambi ya chini, Mandara, na asubuhi binti anaulizia uji. Kuomba tuombe, ila huku tunashuka jamani!

Sasa waongozaji na wapagazi wamejaa hapa mjini, tena wengine ni wazee wa kanisa kabisa, kwanini wasiwape hawa walimu wa vijana japo wiki moja ya mafunzo, dalili za ugonjwa wa mlima, huduma ya kwanza, nani arudishwe na lini. Kijana mwingine alipanda na raba za mpira, na kiongozi ndo alimwambia zinatosha.

Msomaji wako, Moshi