Tambuu ya Paro

Paro, Bhutan
Oktoba 2024

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila jioni huku baridi inauma mpaka kalamu inakataa kushikika. Uliniuliza kama safari ya Bhutan ina thamani ya pesa zinazokwenda, na kama kweli watu wake wana furaha kama wanavyosifiwa. Siku tisa nimekaa nalo swali lako. Jana nimepata la kukujibu, jikoni kwa watu, kwenye tambuu.

Ndiyo, tambuu! Wenyewe wanaiita doma. Kijana anayenitembeza alinipeleka kwa shangazi yake, nje kidogo ya mji. Nyumba ya udongo ulioshindiliwa, madirisha ya mbao yaliyochorwa maua, na juu ya paa pilipili nyekundu zimeanikwa kama karafuu kwenye majamvi kule Pemba wakati wa msimu. Tukavua viatu, tukapanda ngazi, tukakaa chini karibu na jiko la kuni. Mama yule akavuta kikopo, akatoa popoo mbichi yenye majimaji na harufu kali, akaikata kati. Akatwaa jani, akalifuta kwa kiganja, akalipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akalikunja. Nikamuona bibi yangu barazani, shoga, vile vile hasa, hata ule mkunjo wa mwisho wa kidole gumba! Nikaipokea kwa mikono miwili. Haikuwa na katu wala tumbaku kama ya bibi, lakini masikio yaliwaka moto na jasho likanitoka na baridi ile yote. Wanasema hiyo ndiyo dawa yao ya kipupwe. Madaktari wanaikataza kwa sababu ya saratani ya kinywa, na wana haki, kwa hiyo nilitafuna ile moja tu.

Kuanzia hapo hatukuwa wageni tena. Chakula kikaja: wali mwekundu wa hapa hapa Paro na ema datshi, yaani pilipili zilizopikwa na jibini. Pilipili kwao si kiungo, ndiyo mboga yenyewe. Ukiogopa ukali, omba kewa datshi ya viazi au shamu datshi ya uyoga. Nyama nimeiacha safari nzima, na sijalala na njaa hata siku moja. Ila chai yao, suja, wanaitia siagi na chumvi. Usiinywe ukitarajia chai, inywe kama supu, utaipenda.

Na adabu ya mezani uijue mapema. Ukikaribishwa mara ya kwanza, funika mdomo kwa mkono useme “meshu meshu”, ndipo ukubali wakikurudia. Wewe uliyelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto hakimbilii sahani ya watu hutapata tabu. Salamu yao ni “kuzuzangpo la”. Hilo “la” ni heshima, wanalitia mwisho wa maneno yao, mpaka wakisema Kiingereza. Usimnyooshee mtu wala sanamu kidole, onyesha kwa kiganja kilichofunguka. Ukipita penye chorten, ile minara yao ya ibada, izunguke ukiiweka upande wako wa kulia.

Wanaume wanavaa gho, joho linalofungwa mkanda kiunoni hadi kifuani panakuwa na mfuko mkubwa, hemchu, na humo utakuta simu, doma, hata mtoto mchanga nimemuona. Wanawake wanavaa kira, kitambaa kimoja kirefu cha kujizungushia. Mama yule alinivisha ya kwake ya harusi, iliyofumwa kwa mkono kwa miezi. Nami nikamfunga leso yangu, akacheka mpaka machozi.

Sasa hiyo furaha. Mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, ndiye aliyesema furaha ya watu ina uzito kuliko pato la taifa, na ni kweli wanaishi na wazo hilo, hata katiba yao ya 2008 inaagiza asilimia 60 ya nchi ibaki msitu daima. Lakini usije ukiwatafuta watu wanaotabasamu kama picha. Binti wa mama huyu yuko Perth, Australia, kama vijana wengi wa hapa. Simu ililia tukiwa tunakula. Mama akaisimamisha kwenye bakuli la wali, akatuonyesha sote mmoja mmoja, na ilipokatika akakaa kimya akikunja doma nyingine. Nikamkumbuka mama yako na kaka zako wa Maskati.

Gharama: mgeni hulipa serikali dola 100 kwa kila usiku, mbali na hoteli, chakula na mtembezaji. Ni nyingi, sikufichi. Ndiyo maana nakwambia usizimalize kukimbilia kila hekalu. Taktsang, lile lililogandama kwenye jabali, lipande, ni asubuhi nzima ya magoti, kisha siku zinazobaki kaa vijijini. Na ukiruka kutoka Delhi, chukua kiti cha kushoto uone Everest.

Mama yule nilimsimulia kijaluba cha bibi, kile cha fedha, chenye nafasi ya chokaa na nafasi ya popoo. Aliniomba nikichore, nikakichora vibaya, akakitazama sana. Ukiamua kuja Machi, pitia nyumbani kwetu kwanza. Kipo kabatini, mama anajua. Mchukulie akione.

Wako daima,
shoga yako