Walatino na vyuo vya Marekani: tuandikiwe habari za walio wengi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala ambazo waandishi wako wa kujitegemea wamekuwa wakizileta juu ya Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na elimu ya juu. Ninazifuatilia kwa makini kwa sababu ninaishi San Antonio, jimbo la Texas, na kazi yangu katika chuo kimoja cha jamii, yaani chuo cha umma cha stashahada ya miaka miwili, ni kuwasaidia wanafunzi kujaza fomu za kuomba msaada wa ada. Makala hizo zina Kiswahili kizuri na huruma ya kutosha, lakini karibu zote zina mhusika mmoja: kijana aliyevushwa mpaka akiwa mdogo, ambaye mama yake alifanya usafi hotelini, naye akaishia Harvard au Stanford. Vijana wa namna hiyo wapo, na sina sababu ya kuwapunguzia sifa. Ninachokilalamikia ni kwamba msomaji wa Mwanza au Mombasa anayezitegemea makala hizo ataamini kwamba kila Mlatino ni mhamiaji, kwamba masomo yake hufanyika katika vyuo vichache vyenye majina makubwa, na kwamba kinachomtenga na shahada ni upungufu wa bidii yake mwenyewe.

Kuhusu hilo la kwanza nitasema machache. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, sawa na asilimia 18.7 ya wakazi wote wa Marekani, na takriban theluthi mbili yao wamezaliwa humu humu nchini. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Hapa Texas na kule New Mexico ziko koo zilizokuwa zikilima na kufuga kabla ya vita vya Marekani na Mexico vya mwaka 1846 hadi 1848. Mpaka ndio uliosogezwa, wao wakabaki walipokuwa.

La pili ndilo lililonisukuma kuandika. Idadi ya wanafunzi wa Kilatino katika vyuo vya Marekani ilikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2000, ikafika milioni 3.8 mwaka 2019. Hao hawako Harvard. Wako Miami Dade College, wako katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, wako katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California cha Los Angeles, wako katika vyuo vya jamii vya bonde la Rio Grande ambavyo jina lake halijulikani hata Houston. Tangu mwaka 1992 sheria ya shirikisho inavitambua kipekee vyuo ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza na stashahada ni Walatino, na vyuo hivyo viliruhusiwa kuomba ruzuku maalumu. Utambuzi huo ulipiganiwa na HACU, umoja wa vyuo ulioanzishwa hapa San Antonio mwaka 1986. Siku hizi vyuo vinavyofikia kiwango hicho ni takriban 600, yaani kama sehemu moja ya tano ya vyuo vyote nchini, lakini vinabeba takriban theluthi mbili ya wanafunzi wote wa Kilatino wa ngazi hiyo. Mwandishi anayeviruka ni sawa na anayeandika habari za uvuvi wa Ziwa Victoria bila kutia mguu mwaloni.

Sasa nije kwenye suala la bidii. Kati ya Walatino wenye umri wa miaka 25 na zaidi, takriban mmoja kati ya watano ana shahada ya kwanza. Kwa Wazungu wasio Walatino ni takriban wanne kati ya kumi. Mwanafunzi anayeketi mbele ya meza yangu mara nyingi ni mtu mwenye ajira ya saa 30 au 40 kwa wiki, anayechukua kozi mbili kwa muhula pale ambapo ratiba inataka nne au tano, na ambaye stashahada ya miaka miwili humchukua mara mbili ya muda huo. Akihamia chuo kikuu, baadhi ya kozi alizofaulu na kuzilipia hazitambuliwi, au zinatambuliwa kijuujuu tu bila kuingizwa katika fani aliyoichagua, hivyo analazimika kusoma nyingine mahali pake. Ruzuku ya Pell, ambayo ndiyo msaada mkuu wa serikali usiorejeshwa, ina kikomo kinacholingana na mihula 12 ya masomo ya muda wote, na kila kozi iliyopotea imekwisha kula sehemu ya kikomo hicho.

Kisha kuna fomu yenyewe. Fomu ya shirikisho ya kuombea misaada, ambayo kila mtu huku huiita FAFSA, iliandikwa upya, na toleo jipya likafunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, ilhali watu walizoea kuipata Oktoba mosi. Kwa wiki nyingi wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii, namba ya utambulisho ambayo wasio na hati za ukaazi hawapewi, walishindwa kuweka taarifa zao, ingawa watoto wao walikuwa raia wa kuzaliwa wenye haki kamili ya ruzuku, na tatizo hilo lilishughulikiwa kuanzia Machi 2024, baada ya miezi ambayo kwa kawaida familia hutumia kulinganisha gharama za vyuo. Mzazi wa Tanzania au Kenya aliyewahi kuhangaikia viambatanisho vya mkopo wa elimu ya juu, akitafuta mdhamini huku na muhuri wa wakili kule, angeielewa habari hii haraka kuliko msomaji wa New York, ndiyo maana ninashangaa kwamba haijaandikwa.

Makala zenu pia huacha picha kwamba milango ya vyuo ilifunguliwa kwa wema wa wenye vyuo. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki mwa Los Angeles walitoka madarasani wakipinga, pamoja na mengine, desturi ya kuwaelekeza watoto wenye asili ya Mexico kwenye kazi za mikono na kuwanyima masomo ya kuwaandaa kwa chuo. Mwalimu Sal Castro, aliyesimama nao, alikuwa miongoni mwa watu 13 waliofunguliwa mashtaka. Mwaka huohuo, jijini New York, madai ya wakazi wa South Bronx yalizaa Hostos Community College, chuo kilichoanzia katika jengo lililokuwa kiwanda cha matairi na kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza, ili mtu mzima aweze kuanza fani yake wakati bado anajifunza lugha. Jiji lilipokumbwa na msukosuko wa fedha katikati ya miaka ya 1970, ulitolewa mpango wa kukiunganisha na chuo kingine. Wanafunzi, walimu na wakazi wakalikalia jengo mwaka 1976, na chuo kipo hadi leo. Mkasa huo peke yake unatosha makala mbili. Na kama ni lazima mtupe shujaa mmoja, yupo Tomás Rivera wa Crystal City hapa Texas, mtoto wa vibarua waliohama kufuata misimu ya mavuno, ambaye mwaka 1979 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha California cha Riverside. Yeye alianzia katika chuo cha miaka miwili huko Uvalde.

Mmoja wa waandishi wako alivieleza vyuo hivi vinavyotambuliwa na sheria kwa kigezo cha robo ya wanafunzi kuwa vimetengwa kwa ajili ya Walatino. Hilo si kweli. Robo ile ni hesabu ya waliojiandikisha, na hapo ndipo penye udhaifu wa sheria, kwa kuwa haiulizi wangapi wamehitimu. Lakini maabara, walimu wa ziada na washauri wanaolipwa kwa ruzuku hizo huwahudumia wote. Katika vyuo vya jamii vya Texas na Arizona wamo Wakongomani waliopokewa kama wakimbizi, wanaozungumza Kiswahili cha Bukavu na Uvira, na mkufunzi wa hisabati anayelipwa kwa fedha hizo hawaulizi asili yao. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha takriban dola milioni 350 za ruzuku kwa vyuo vyenye wanafunzi wengi wa makundi ya walio wachache, vikiwamo hivi. Gazeti la Kiswahili lilikuwa na sababu yake yenyewe ya kuiandika habari hiyo.

Ipo pia habari ya wasio na hati za ukaazi, ambayo waandishi wako huigusa kwa majonzi bila kueleza sheria. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyoanzia mji wa Tyler hapa Texas, unamhakikishia mtoto shule hadi mwisho wa sekondari, lakini hausemi lolote kuhusu chuo. Mwaka 2001 Texas, chini ya gavana Rick Perry wa chama cha Republican, iliwaruhusu wahitimu waliokuwa wameishi jimboni kwa miaka 3 kulipa ada ya wakazi, ambayo ni nafuu kuliko ya watu wa nje ya jimbo, iwe wana hati au hawana. Juni 2025 serikali ya shirikisho iliishtaki Texas, Texas ikakubaliana nayo siku hiyohiyo, na jaji akaibatilisha sheria hiyo.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, halihitaji nauli ya ndege. Kabla ya makala nyingine ya Harvard, mtake mwandishi ampigie simu afisa wa misaada ya fedha wa chuo kimoja cha McAllen, Fresno au Bronx, amwulize ni wanafunzi wangapi kati ya walioanza miaka 6 iliyopita wamehitimu, wangapi wamehamia chuo kikuu, na walioacha njiani walikuwa wakidaiwa kiasi gani. Takwimu za wahitimu hatanyimwa, kwa kuwa vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho vinabanwa na sheria kuzitoa. Hilo la madeni atalazimika kuuliza zaidi ya mara moja.

Wako,
Msomaji,
San Antonio, Texas